Visikizi vya bei ghali: angalia sikio kabla ya mfuko

Kwa sababu mimi hushinda nikiandika programu na visikizi masikioni, marafiki huniuliza swali moja kila mara: "Nina elfu thelathini, ninunue gani?" Jibu langu huwaudhi: usianze na bei.

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na visikizi 283 vya bei tofauti tofauti. Hakupata uhusiano kati ya bei na jinsi chombo kinavyosawazisha sauti nzito na nyembamba. Sisi wa kompyuta tunajua somo hili: pima kwanza, ndipo ubadilishe kitu. Haya ndiyo ninayopima mimi.

1. Kipira. Kisikizi cha kuingia tunduni hufanya kazi kikiziba vizuri. Pakibaki mwanya mdogo tu, besi inatoroka. Anayelalamika kwamba visikizi vyake havina besi mara nyingi amevaa kipira kisichomtosha. Jaribu saizi zote, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Vya sponji hufinywa, kisha huvimba ndani ya sikio na kuziba sawasawa. Ukienda kununua Luthuli Avenue, beba vipira vyako mwenyewe na uombe kusikiliza kabla hujatoa pesa.

2. Idadi ya spika. Matangazo hujigamba na spika nane kila upande. Spika nyingi lazima zigawiwe kazi, na mgawo ukiwa mbaya sauti zinagongana. Etymotic ER-4, iliyotoka mwaka 1991, ina spika moja tu kila upande, na hadi leo wapenzi wa muziki wanaiheshimu.

3. Kelele za nje. Hapa ndipo mimi niko tayari kulipa. Ndani ya matatu, kisikizi kisichozuia kelele hukulazimisha kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri usizidishe saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Ukifika desibeli 90, saa hizo zinabaki 4 tu! Kinachoziba vizuri hukuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, na masikio hayana duka la vipuri. Ila ukishuka, vitoe kabla ya kuvuka barabara.

4. Waya. Huwa unakatika karibu na plagi au pale unapoingia kwenye kisikizi. Ukiwa ni wa kuchomoa, unabadilisha waya peke yake. Ukiwa umeshikanishwa, elfu zako thelathini zinakwenda na waya wa mia chache. Simu yako ikiwa haina tundu la milimita 3.5, weka pia adapta kwenye hesabu.

Na muziki wenyewe? MP3 iliyobanwa hadi kilobiti 128 haitapona kwa kuvalishwa kisikizi cha bei. Kisikizi kizuri kitakuonyesha ubovu wake vizuri zaidi.

Kwa hivyo mwenye elfu thelathini ningemshauri hivi: tafuta kinachokuziba, kinachochomoka waya na kisichokuumiza baada ya saa mbili. Ukikipata kwa elfu kumi, simama hapo hapo. Zinazobaki nunua muziki, wasanii wetu nao wale.