Andazi

Kwa miezi kadhaa sasa, kwa ajili ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili, nasoma vitabu vya picha vinavyofundisha watoto adabu. Vimenichosha. Shikamoo naipenda, na mtoto anayepita wakubwa bila kuwaamkia hata mimi humtazama mara mbili. Lakini katika vitabu nilivyosoma mkosaji ni mtoto siku zote. Asiposalimia, anaaibika. Akigusa kisichomhusu, anaungua. Mtu mzima kasimama pembeni ya picha, kanyoosha kidole, kama vile hajawahi kukosea tangu azaliwe.

Mtindo huu ni wa zamani. Mwaka 1844 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alikosa madukani kitabu cha Krismasi cha kumpa mwanawe wa miaka mitatu, akaandika na kuchora chake mwenyewe. Kilichapishwa mwaka uliofuata, nacho ndicho Struwwelpeter. Humo mtoto anayenyonya dole gumba anakatwa madole gumba yote mawili na fundi cherehani, kwa mkasi mkubwa. Sisi mkasi tumeuficha. Kidole cha mkubwa bado kiko palepale.

Mwezi uliopita nilimgombeza mtoto wa kaka yangu, wa miaka mitano, kwa kula andazi nililojiwekea la chai. Akakana. Nikamwambia watoto waongo hawapendwi, maneno niliyoyatoa kitabuni moja kwa moja. Jioni kaka akasema ni yeye aliyelila. (Na lilikuwa la jana yake, lishakauka.) Nami, msomi wa adabu, nikafanya nini? Nikamnunulia mtoto juisi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, shangazi," kama alivyofundishwa. Neno samahani lilinikwama.

Waandishi na wachoraji wetu, nawadai ukurasa mmoja tu: baba kachuchumaa, macho yake yako sawa na ya mtoto, anasema amekosea na anaomba msamaha. Nimeshaambiwa kwamba mzazi akifanya hivyo heshima itashuka, mtoto atampanda kichwani. Basi mtuambie mtoto ajifunze kwa nani kuomba radhi, ikiwa wenye makosa makubwa nyumbani hawaombi.

Ilinichukua siku tatu. Nilichuchumaa jikoni nikamwambia, "Samahani, baba."

"Ya nini?"

"Ya lile andazi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sikula, shangazi."