Kitabu Kisichotahiniwa Kitauzwa Wapi?

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai, mnamo mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyama vya Kiswahili vyuoni vimekuwa na shughuli nyingi kila ifikapo mwezi huo. Hotuba hutolewa, mashairi hughanwa, fulana huchapishwa. Mijadala huwa mizito: istilahi, usanifishaji, nafasi ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kuna suala moja ambalo aghalabu halitengewi hata dakika tano, pengine kwa kuwa lina harufu ya biashara, na sisi wasomi huona haya kuzungumzia biashara. Suala lenyewe ni hili: kitabu cha Kiswahili kikishaandikwa na kuchapishwa, kinauzwa wapi?

Makala haya yanashikilia kwamba duka dogo la vitabu katika miji yetu ya mashambani limo hatarini, na kwamba likifungwa, atakayepata hasara si mwenye duka peke yake. Hasara kubwa zaidi itakuwa ya fasihi ya Kiswahili, hususan ile isiyotahiniwa.

Natuchukue Kiganjo kuwa mfano. Mji huu umo katika Kaunti ya Nyeri, kwenye reli iendayo Nanyuki, na wengi huujua kwa mambo mawili: chuo cha polisi kilichopo hapo tangu enzi za ukoloni, na kiwanda cha maziwa cha KCC. Chuoni hukutana vijana kutoka kila pembe ya Kenya, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Nje ya lango la chuo, hali ni tofauti. Nyumbani ni Kikuyu. Darasani, mbali na kipindi cha Kiswahili, ni Kiingereza. Sokoni na ndani ya matatu ni mchanganyiko wa yote hayo pamoja na Sheng. Mtoto wa Lamu au wa Unguja anaweza kukipata Kiswahili fasaha barazani kwa wazee, akakisikia katika nyimbo za harusi, akakinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mtoto wa Kiganjo hana baraza hiyo. Baraza yake ni kitabu. Asipokutana na Kiswahili sanifu kitabuni, yamkini hatakutana nacho popote isipokuwa katika taarifa ya habari.

Ndiyo maana duka la vitabu katika miji kama hii lina uzito ambao mtu wa Nairobi au wa Mombasa huenda asiuone. Duka lenyewe, kwa kweli, halijawahi kuwa duka la vitabu tu. Mbele kuna daftari, kalamu, rula na vifaa vya jiometri. Ukutani kuna chati za wanyama na za viungo vya mwili. Pembeni kuna Biblia na vitabu vya nyimbo za ibada. Halafu, nyuma kabisa, mahali ambapo mteja hafiki ila kwa makusudi, kuna rafu moja au mbili za riwaya, tamthilia na diwani. Rafu hiyo ya nyuma ndiyo inayotuhusu. Haijawahi kujilipia kodi ya nyumba. Imekuwa ikilipiwa na vitabu vya kiada.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi. Sera ya mwaka 1998 kuhusu vitabu vya shule za msingi ilivunja ukiritimba wa mashirika ya uchapishaji ya serikali na kuziachia shule uhuru wa kuchagua kutoka katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 650 ziliingizwa katika akaunti ya vifaa vya kufundishia, ile ambayo walimu waliizoea kwa jina la SIMBA. Shule yenye wanafunzi 400 ilikuwa na shilingi 260,000 za kununulia vitabu, daftari na vifaa vinginevyo. Kamati ya shule ilikaa, ikachagua, ikaenda dukani. Mwenye duka aliyehudumia shule kumi za ukubwa huo alikuwa na biashara ya shilingi milioni mbili na ushee kwa mwaka. Kwa mtaji huo aliweza kuthubutu kuagiza nakala tano za riwaya ambayo hakuna mtu aliyemwomba ailete.

Mambo yaligeuka mwaka 2017, wakati Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Fred Matiang'i, ilipoamua kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Kuanzia Januari 2018, malori yalianza kupita mlangoni pa duka bila kusimama. Wauza vitabu, kupitia chama chao cha kitaifa, walilalamika hadharani, na tangu hapo wameendelea kulalamika kwamba wenzao wengi wamefunga milango au wamegeukia biashara nyingine. Janga la korona lilipozifunga shule Machi 2020, hata daftari hazikuuzika.

Haki inatulazimu kukiri kwamba uamuzi huo haukuzuka hivi hivi. Utaratibu wa zamani ulikuwa na uozo wake. Kulikuwa na walimu wakuu walioandikiwa stakabadhi za vitabu ambavyo havikuwahi kuvuka lango la shule, na kulikuwa na wauza vitabu walioziandika stakabadhi hizo. Wanafunzi watatu, wanne, walibanana juu ya kitabu kimoja ilhali fedha zilikwisha kutolewa. Serikali iliponunua kwa wingi bei ya nakala ilishuka, na lengo la kila mwanafunzi kuwa na kitabu chake likasogea karibu kuliko wakati wowote. Mzazi maskini wa Kiganjo anayepewa kitabu cha mtoto wake bila kutoa senti hana sababu ya kulilia faida ya mfanyabiashara. Mwandishi wa makala haya hapendekezi turudi mwaka 2016.

Hoja ni kwamba dawa iliyotolewa ilitibu ugonjwa mmoja na kuzua mwingine ambao haukufikiriwa. Lori la serikali hubeba kile kilichoagizwa na mtaala. Halibebi Nagona wala Mzingile za Kezilahabi. Halibebi Walenisi ya Katama Mkangi, wala Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, wala Bina-Adamu! ya Wamitila. Vitabu hivi, ambavyo sisi vyuoni huvifundisha kama nguzo za riwaya mpya ya Kiswahili, vina njia moja tu ya kumfikia msomaji asiye mwanafunzi wetu: mtu avikute mahali, avifunue, asome kurasa mbili akiwa amesimama, ashawishike. Kwa wakazi wa Kiganjo, mahali hapo ni duka la mjini Nyeri au la Karatina. Duka likigeuka kuwa la sare za shule na huduma za M-Pesa, jambo ambalo mwenye duka hawezi kulaumiwa kwalo, hakuna kongamano litakaloifidia rafu ile.

Kuna watakaosema kwamba watu wa mlimani hawajali vitabu, kwamba wao ni watu wa kahawa, majani chai na viazi. Historia inawakanusha. Nyeri ilikuwa na gazeti la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, lililoanzishwa na wamisionari wa Consolata mnamo mwaka 1916. Na Karatina, umbali mfupi tu kutoka Kiganjo kwa reli ile ile, palikuwa na Gakaara wa Wanjau, mwandishi, mchapishaji na mwuzaji wa vitabu vyake mwenyewe. Wengi humkumbuka kwa maandishi yake ya Kikuyu na kwa shajara yake ya kizuizini iliyompatia Tuzo ya Noma mwaka 1984. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1948 aliandika kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Tena, alipokamatwa mwaka 1952, sehemu ya kifungo chake aliitumikia katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, katika kitovu chenyewe cha ushairi wa Kiswahili. Mtu huyu aliporudi alijenga kiwanda cha uchapishaji, si Nairobi, bali Karatina, mji wa soko. Aliamini kwamba mkulima aliyekuja kuuza kabichi angeweza kurudi nyumbani na kijitabu. Sijui ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wa fasihi waliowahi kulisikia jina lake darasani. Lakini hilo ni suala la siku nyingine.

Hoja nyingine inayotolewa ni kwamba zama zimebadilika. Vijana wanasoma kwa simu, na vitabu vinaweza kuagizwa kwa intaneti. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini anayeagiza kwa intaneti ni yule anayekijua tayari kitabu anachokitaka. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kutafuta jina asilowahi kulisikia. Isitoshe, gharama ya kusafirisha nakala moja kutoka Nairobi huweza kukaribia nusu ya bei ya riwaya nyembamba. Ama kuhusu simu, tusidanganyane: kinachosomwa humo kwa Kiswahili, mara nyingi, ni nakala zilizoibwa za vitabu teule na miongozo yake, zinazosambazwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine bila mwandishi kuambulia hata shilingi. Simu haijachukua nafasi ya duka kwa riwaya isiyotahiniwa. Imechukua nafasi yake kwa ile tu ambayo duka lilikuwa na hakika ya kuiuza.

Hapa ndipo lawama inapotufikia sisi wa idara za Kiswahili. Tazama jinsi somo la riwaya linavyoendeshwa katika vyuo vingi. Mhadhiri hutaja vitabu vitatu. Nakala moja hupelekwa kwenye mashine ya kurudufu nje ya lango. Wanafunzi hupanga foleni, na kila mmoja huondoka na mrundo wa karatasi zilizobanwa kwa pini. Muhula ukiisha, karatasi hizo hufungiwa maandazi. Halafu watu wale wale huandika tasnifu kuhusu kudorora kwa uchapishaji wa fasihi ya Kiswahili! Ukata wa wanafunzi unaeleweka. Hata hivyo, idara ingeweza kuzungumza na duka miezi miwili kabla ya muhula, ikataja idadi kamili, na duka likaomba punguzo kwa mchapishaji kwa kuwa lina hakika ya wateja. Mazungumzo hayo hayafanyiki kwa sababu hakuna anayeyaona kuwa kazi yake.

Serikali nayo ina la kufanya bila kuubomoa utaratibu wake wa kiada. Watanzania walituonyesha njia zamani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimtaka mchapishaji achapishe nakala 5,000. Mradi ukanunua 3,000 kwa ajili ya maktaba za shule, na 2,000 zilizobaki akaachiwa aziuze mwenyewe madukani. Werevu wake ni kwamba fedha za umma ziliondoa hofu ya mchapishaji bila kuua soko. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1981, iliamua kwamba kitabu kipya kiuzwe kwa bei moja kote nchini ili duka dogo la kijijini lisimezwe na duka kubwa la jijini. Nchi hizi mbili hazilingani kwa utajiri, lakini zote zilitambua kwamba duka la vitabu halijiendeshi lenyewe kama duka la sukari.

Kwetu sisi, ingetosha serikali ikiendelea kupeleka vitabu vya kiada kwa malori yake, kisha ikazipa shule fungu dogo la vitabu vya ziada, kwa sharti kwamba fungu hilo litumike katika duka lililosajiliwa ndani ya kaunti yenyewe. Udanganyifu wa stakabadhi ni rahisi kuuzuia leo kuliko mwaka 2003, kwa kuwa malipo yanaweza kufuatiliwa kwa simu na vitabu vikahesabiwa mbele ya wazazi. Kaunti, ambazo kwa Katiba ya mwaka 2010 zilikabidhiwa jukumu la maktaba, zingeweza kununua vitabu vya maktaba zao kupitia maduka hayo hayo. Na ile kodi ya asilimia 16 iliyowekewa vitabu mwaka 2013 ingefaa kuondolewa; ni vigumu kueleza kwa nini diwani ya mashairi itozwe kodi ilhali unga wa ugali hautozwi.

Lakini serikali ina mwendo wake, na duka la mji mdogo huenda lisiweze kuungoja. Lililo mikononi mwetu ni dogo zaidi na la haraka zaidi. Darasa la riwaya lenye wanafunzi 60 wanaosoma vitabu vitatu linahitaji nakala 180. Hata thuluthi moja tu ya wanafunzi wakinunua kitabu halisi, hizo ni nakala 60 kwa muhula mmoja, kutoka darasa moja, katika chuo kimoja. Ongeza walimu wanafunzi wa Kagumo na wa Kamwenja, ongeza wanachama wetu wanaofanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kieni, Tetu na Mathira. Chama chetu kina katibu, kina mweka hazina, na kina orodha ya wanachama pamoja na nambari zao za simu. Kinaweza kukusanya oda kabla ya muhula kufunguliwa na kuzipeleka kwa duka moja la Nyeri na jingine la Karatina, kwa makubaliano kwamba kwa kila nakala kumi tunazochukua, mbili zitaagizwa kwa ajili ya rafu ya nyuma.