Mlima Unateremka, Nasi Tunahesabu Miti

Masika yakikolea, simama kando ya Mto Ruvu uone Dar es Salaam inavyoinywa Milima ya Uluguru. Maji yamekuwa mazito kama uji wa ulezi. Rangi ile ni udongo wa juu wa mashamba ya mteremkoni, na ndani yake imo mboji, masalia ya majani, mizizi na samadi ya vizazi. Ndani ya mboji hiyo imo kaboni. Kila masika tunaitazama mali hiyo ikipita chini ya madaraja yetu, nasi tunanyamaza.

Udongo wa dunia umebeba kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja. Ukifyeka msitu ukalima mazao ya msimu, udongo unaweza kupoteza robo hadi nusu ya kaboni yake. Jembe hupasua mabonge yaliyoifunika, vijidudu huila na kuirudisha hewani, moto wa kusafishia shamba huteketeza majani ambayo yangeoza yakawa mboji mpya. Bondeni hasara huishia hapo. Mlimani mvua huja kumalizia kazi, na huanza na tabaka la juu, lenye mboji nyingi kuliko yote. Sentimita chache za udongo zilizochukua mamia ya miaka kujengeka zinaweza kuondoka kwa mvua kubwa ya alasiri moja.

Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya hewa ukaa. Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, chini ya milima hiyo hiyo. Lakini miradi inayosifiwa majukwaani ni ya misitu. Mti huonekana, hupimwa kiuno, hupigwa picha na mgeni rasmi. Udongo hauna mgeni rasmi. Mkulima anayeulinda hapati hata asante, na unapoporomoka yeye ndiye wa kwanza kuitwa mharibifu.

Lawama hizo ni za kale, nasi tuliwahi kuona zinakotufikisha. Katika miaka ya 1950 wakoloni waliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wa huko ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulifukia rutuba na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Mkulima aliliona hilo shambani kwake, bwana shamba hakutaka kulisikia. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, damu ikamwagika. Amri isiyoujua udongo iliuumiza udongo na watu wake pamoja.

Wala hatujakosa maarifa. Nendeni Mbinga, mkawaone Wamatengo na ngoro zao, kilimo cha mashimo cha zaidi ya miaka mia. Wanaume hufyeka nyasi, zikalazwa kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Kingo hupandwa maharage, kisha mahindi. Shimo hunasa maji na tope. Nyasi huoza chini na kuwa mboji. Mvua inakuta mlango umefungwa. Watu hawa waliweka kaboni ardhini kabla neno kaboni halijafika kijijini kwao, tena bila ruzuku ya mtu.

Basi nasema wazi: kumwachia mkulima wa ekari moja gharama ya kuulinda mlima unaonywesha jiji ni dhuluma. Sehemu ya bili ya maji ya Dar es Salaam ipande Uluguru, imlipe anayeweka matandazo badala ya kuchoma, anayepanda majani kwa mistari ya kontua, anayechanganya mazao yake na migomba, mikarafuu na midalasini ili ardhi isibaki uchi. Udongo upimwe kama miti inavyopimwa, na fedha ya hewa ukaa imfikie mwenye jembe mkononi. Na bwana shamba apande mlimani kuuliza kabla ya kuamuru.

Waheshimiwa, mti uliokatwa hupandwa tena, na mjukuu akapumzika kivulini mwake. Udongo ukishafika baharini hakuna kitalu cha kuurudishia. Masika mengine yako njiani. Pandeni mlimani sasa.