Mnara Ulioanguka Umefufuka Kwenye Muvi ya Upelelezi!

Wadau, hili la muvi za upelelezi kushutiwa hapa Unguja halafu zikatoka na madudu, leo tuliseme. Majina tunayahifadhi, wenyewe wanajijua.

Kuna moja imezunguka sana kwenye simu zetu. Jambazi anaingia kichochoro cha Shangani na shati jeupe, anatokea Malindi kavaa la bluu. Tukacheka, yakapita. Sasa maiti inaokotwa ufukweni, maji yamekupwa, ngalawa zimelala mchangani. Inspekta anainama, anainuka, nyuma yake bahari imejaa! Mtoto yeyote wa pwani anajua kutoka kupwa hadi kujaa ni kama masaa 6. Kainama muda wote huo? Na stori nzima inategemea nani alikuwa wapi saa ile.

Kisha ndo ile picha ya droni. Simu ya marehemu inaonyesha 2022, lakini mnara wa Beit al-Ajaib umesimama kama kawaida. Jamani, ule uliporomoka Desemba 25, 2020, na watu wawili wakafa pale. Mmechomeka picha ya zamani mkidhani nani atajua. Sisi tunaopita Forodhani kila jioni ndo hatujui?

Staa mkuu kajitetea eti ni filamu tu, hata Hollywood wanakosea. Kweli, kwenye Pulp Fiction ya 1994 matundu ya risasi yapo ukutani kabla bastola haijalia. Ila lile mpaka urudishe nyuma ndo ulione. La kwenu tunaliona huku tunakunywa urojo.

Muvi ya mapenzi shati likibadilika unacheka tu. Kwenye upelelezi shati ni ushahidi! Mnatuambia tumtafute muuaji, tunakodoa macho kila kona, kumbe tunachokamata ni uzembe wenu.

Na bajeti msiisingizie. Sini hazishutiwi kwa mpangilio wa stori, ndo maana wenzetu wana mtu ambaye kazi yake ni kukumbuka nywele, shati, hata chai iliyobaki kikombeni. Hapa vijana wenye simu wamejaa mtaani, mmoja apewe kibarua apige picha kila sini ikiisha. Lakini pesa yake haipo, ya suti tatu za staa ipo. Na habari za maji, muulizeni mvuvi yeyote wa Malindi, hatozi hata shilingi.