Uchambuzi: Rangi za mwani na swali la nani atabaki na faida

Uamuzi uliotangazwa Washington mwezi Aprili 2025 ulihusu peremende na vinywaji vya watoto wa Marekani, lakini mwangwi wake unaweza kufika hadi Gahanga. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilisema inataka viwanda viachane na rangi za chakula zinazotokana na petroli. Mwezi uliofuata iliidhinisha rangi ya buluu inayotolewa kwenye Galdieria, mwani mdogo usioonekana kwa macho matupu. Rangi ya spirulina ilikuwa imekubaliwa tangu mwaka 2013.

Kwa msemaji wa Kiswahili wa pwani, mwani ni mmea wa baharini unaoshikika mkononi. Huu ni mwingine: chembe moja moja, au nyuzi nyembamba mno, ambazo zikizaliana huyageuza maji kuwa ya kijani au mekundu. Spirulina hutoa fikosianini ya buluu. Dunaliella hutoa betakarotini. Haematococcus hutoa astaksanthini, rangi nyekundu ya jamii ile ile inayoipa minofu ya samoni wekundu wake. Zote ni antioksidanti, yaani huzikinga chembe hai dhidi ya uharibifu unaoletwa na oksijeni na mwanga mkali. Kwa sababu hiyo huuzwa pia kama vidonge vya afya, kwa ahadi ambazo mara nyingi huutangulia ushahidi.

Kanda yetu si ngeni kwa jambo hili. Heroe wadogo wa Natron, Bogoria na Nakuru huipata rangi yao ya waridi kutokana na spirulina wanayoichuja katika maji ya magadi.

Je, Kigali inaweza kuingia katika biashara hii? Tuitazame Gahanga, pembezoni mwa Kicukiro, kwenye barabara inayovuka Nyabarongo kwenda Bugesera, unakojengwa uwanja mpya wa ndege. Kwa nchi isiyo na bandari, bidhaa ambayo kilo moja yake inaweza kujilipia nauli ya ndege ina mantiki kuliko inayosafirishwa kwa lori hadi Dar es Salaam au Mombasa.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Spirulina hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 37, na Kigali, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ina usiku wa baridi. Mabwawa ya wazi yangedumaa, na mvua za masika zingeyazimua. Haematococcus, kinyume chake, hupenda joto la nyuzi ishirini na kitu. Kwa maoni yangu, Kigali ikitaka rangi, ianze na nyekundu.

Lakini nyekundu haipatikani kwa urahisi. Kwanza mwani hulishwa mpaka uzaliane ukiwa kijani. Kisha hunyimwa naitrojeni na kuwekwa kwenye mwanga mkali. Kwa kujihami, chembe hujenga ukuta mgumu na kujaza astaksanthini. Hata mavuno yakiwa mazuri, rangi yenyewe ni takriban asilimia 4 tu ya uzito mkavu: kilo 100 za unga hubeba kama kilo 4. Kuvu aina moja akiingia kwenye mabomba anaweza kuangamiza zao lote. Baada ya hapo ukuta wa chembe sharti uvunjwe na rangi ichujwe, kwa kawaida kwa kabonidioksidi iliyo chini ya shinikizo kubwa. Mtambo huo ndio mzigo mzito wa mwekezaji, na hapo ndipo thamani inapozaliwa. Isitoshe, astaksanthini ya kiwandani, iliyo rahisi zaidi kwa bei, ndiyo iliyotawala chakula cha samoni wanaofugwa. Ile ya asili hutafuta mnunuzi wa vidonge, na mnunuzi huyo hudai vyeti vya maabara kabla ya kuuliza bei.

Zanzibar imelima mwani wa baharini kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wake, wengi wao wanawake, kwa miaka mingi wameuza mwani uliokaushwa tu, na usafishaji ukafanyika ng'ambo. Rwanda ina mfano wa upande wa pili: pareto ya Musanze hukamuliwa huko huko kabla ya kuuzwa nje.

Kuna pia suala la mbegu. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba vijidudu vya maziwa yake ya magadi vilichukuliwa bila idhini, na vimeng'enya vyake kutumiwa na kampuni ya Genencor kufifisha rangi ya jinzi. Miaka mitatu baadaye shirika hilo lilitia saini mkataba na Novozymes ya Denmark. Itifaki ya Nagoya, inayodai nchi asili ya viumbe ipate mgawo, ilianza kutumika mwaka 2014, na Rwanda ni mwanachama wake. Hata hivyo, mwekezaji atakayefika Kigali na mbegu ya Haematococcus kutoka maabara ya nje hatadaiwa chochote kwa itifaki hiyo. Kitakachoweza kujadiliwa naye ni mtambo wa kukamua utafungwa wapi, na mafundi wake watafunzwa na nani.