Sumu Gani Hiyo Mnayoitoa?

Shangazi yangu ana lupasi. Majuzi alirudi nyumbani na karatasi tatu zilizochapwa kwa rangi. Alishikishwa kifimbo cha chuma kwa dakika moja, hakutolewa hata tone la damu, na mashine ikatangaza kwamba damu yake imejaa sumu. Dawa ilikuwa palepale mezani: kopo la unga wa kijani, kijiko kimoja kutwa mara mbili, "unasafisha damu na kupandisha kinga".

Kupandisha kinga! Kinga ya mgonjwa wa lupasi haijashuka, imemgeukia mwenyewe. Ni kumwongezea mlevi panga.

Wauza makopo hawakuzua kila kitu, na hapo ndipo wanapotunasa. Wagonjwa wa lupasi na wa baridi yabisi wakipimwa maabara, kwa damu iliyotolewa kwa sindano, malondialdehidi mara nyingi hukutwa juu. Ni masalia ya mafuta ya tando za seli yaliyoharibiwa na kemikali kali za oksijeni. Na baadhi ya kemikali hizo zinatoka kwenye seli zetu nyeupe za damu, ambazo huzitumia kuulia vijidudu. Mtoto anayezaliwa bila uwezo huo huandamwa na maambukizi tangu mchanga. Katika lupasi silaha hiyohiyo inafyatuliwa ovyo. Basi kipimo kinaonyesha majivu, hakimtaji aliyewasha moto. Mvuta sigara na mwenye kisukari nao hukutwa nacho juu.

"Lakini vitamini za kuzima kemikali hizo hazina madhara," wauza makopo wananiambia. Finland waliwapa beta-karotini, kirutubisho cha aina hiyo, wanaume wavuta sigara, katika jaribio la watu zaidi ya 29,000, wakitarajia kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka 1994: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza.

Dawa ya kweli ya shangazi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ile iliyotuwasha mwili mzima kabla Tanzania haijaiacha kutibia malaria mwaka 2001. Haina rangi za kuvutia wala karatasi tatu. Inatuliza kinga.

Nikamwomba anionyeshe vidonge vyake. Akasita, kisha akafungua mkoba. Vilipaswa kuwa vimeisha wiki iliyopita. Vilibaki kumi na vinne. Alikuwa anameza siku moja, anaruka moja, ili hela ya kopo ipatikane.