Noti zetu na zisomwe, zisihesabiwe tu

Miaka kadhaa iliyopita nilimkata mwanafunzi wangu alama kwa kuandika "banki" badala ya "benki" katika insha. Alinijia ofisini kwa adabu, akatoa noti ya shilingi mia moja na kuiweka mezani. "Mwalimu," akaniuliza, "na hii nayo utaikata alama?" Nikasoma: BANKI KUU YA KENYA. Noti hizo nilikuwa nimezishika tangu utotoni, lakini kamwe sikuwa nimezisoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa mkusanyaji wa noti. Wengi hudhani uraibu huu ni wa matajiri. La hasha! Mkusanyaji hatafuti wingi wa fedha, hutafuta tofauti. Noti zetu zilizozinduliwa Juni 1, 2019, baada ya Katiba ya 2010 kukataza picha ya mtu yeyote katika fedha zetu, zilitolewa tena mwaka wa 2024 zikiwa na sahihi mpya, mwaka mpya na uzi wa usalama wenye rangi zinazobadilika. Yote hayo yalifikiriwa. "Banki" likabaki pale pale.

Je, "banki" ni kosa? Mgala muue na haki umpe. Lugha hukopa kwa njia mbili: kwa sikio na kwa jicho. Mswahili alipolisikia neno la Kiingereza alisema "benki", kama alivyosema "begi", "bendi" na "meneja". Aliyeandika "banki" aliliona neno karatasini, akalitia irabu mwishoni. Basi noti yetu imefuata jicho la karani, ilhali wananchi, shule na kamusi zimefuata sikio. Majirani zetu wa Tanzania wameandika "Benki Kuu" katika noti zao.

Kuna watakaosema kwamba mwenye njaa haulizi tahajia ya noti, huuliza itanunua unga kiasi gani. Ni kweli. Hata hivyo, hakuna maandishi ya serikali yanayomfikia kila mwananchi, msomi na asiye msomi, kama noti. Wahindi walilitambua hilo: nyuma ya rupia zao thamani imeandikwa kwa lugha 15, mbali na Kihindi na Kiingereza zilizo mbele. Afrika Kusini nayo, katika noti za 2005, ilizigawa lugha zake rasmi 11 katika noti tano: Kiingereza mbele ya kila moja, na lugha mbili nyingine nyuma. Mataifa hayo yalijua kwamba lugha iliyo katika fedha ni lugha iliyopewa heshima.

Sisi Kiswahili tumekiandika, na hilo ni la kupongezwa. Katiba yetu imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini heshima haitimii kwa kuandikwa tu. Hutimia kwa kuandikwa kwa uangalifu. Kabla ya toleo lijalo kuchapishwa, wahusika na wawaite wataalamu wa Kiswahili wakae meza moja na wataalamu wa wino na uzi. Kazi hiyo haitawachukua hata asubuhi nzima.

Ama yule mwanafunzi, nilimrudishia alama yake. Sikuona haki ya kumwadhibu kijana kwa kuandika kama nchi yake inavyoandika.